Coaster ya msiba tuliipata kwa siku mbili

Jumapili iliyopita nilitoka kwenye kikao cha harusi kabla soda hazijaisha. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Bajeti imefika milioni 38. Keki peke yake milioni moja na laki mbili, maana siku hizi keki isipokuwa na ngazi kama ghorofa la Kariakoo watu watasema. Nikanyoosha mkono: tukate laki tano tu, tuanzishe mfuko wa kununulia gari la wagonjwa la wilaya mashine ya ECG, ile inayopima umeme wa moyo na kuuchora kwenye karatasi, na ile ya kushtua moyo. Mwenyekiti akatabasamu. "Mjomba, hilo ni la serikali. Tuendelee na mapambo."

Haya, tuendelee na mapambo.

Mwaka jana baba mdogo alitoka msikitini alfajiri, akakaa barazani jasho linamtiririka na kuna baridi. Mkono wa kushoto mzito, kifua anasema kama kimekaliwa na mtu. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, akapewa vidonge vya kutafuna. Siwalaumu sana, watafiti waliofuatilia wagonjwa wa maumivu ya kifua kule KCMC Moshi, hospitali kubwa kabisa, walikuta wengi wenye shambulio la moyo hawakutambuliwa. Sembuse zahanati yetu yenye kipimo cha malaria na kalenda.

Saa nne akapewa rufaa kwenda mjini. Gari likaja, baada ya sisi kuchanga mafuta. Ndani kulikuwa na kitanda, mtungi wa oksijeni na king'ora. Spana ya kufungulia mtungi haikuwepo. Dereva alisimamisha gari akaitafuta chini ya viti, akaipata kwenye mfuko wa mlango pamoja na risiti za mafuta. Nesi, binti mdogo tu, alikuwa na mashine ya presha na mikono yake miwili. Mimi nilishika dripu. Baba mdogo akaniuliza kama kuku wamefunguliwa, nikamjibu ndiyo, na hakuuliza tena kitu. Yule binti akapanda kitandani kwa magoti akaanza kumkandamiza kifua, gari linaruka mashimo, yeye anahesabu kwa sauti. Alihesabu mpaka tunaingia mjini.

Sisemi mashine ingemponya. Pengine isingemponya. Lakini moyo unapoacha kupiga na kubaki unatetemeka tu, kukandamiza kifua ni kuununulia muda. Kinachoweza kuurudisha kwenye mapigo ni ule mshtuko wa umeme, na kila dakika inayopita bila mshtuko uwezekano wa kupona unapungua, kwa asilimia 7 hadi 10 kama hakuna anayekandamiza kifua, na polepole zaidi kama yupo. Sisi tulikuwa na dakika 40 za vumbi. Piga hesabu mwenyewe.

Na ECG ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ingekuwepo mapema hadithi ingeweza kuanza tofauti. Ni waya 10 tu za kubandika kifuani, mikononi na miguuni, dakika chache karatasi inatoka. Nesi anaipiga picha, anaituma WhatsApp kwa daktari aliyeko mjini. Daktari akiona dalili kwamba mshipa wa moyo umeziba anasema: mpe aspirini atafune sasa hivi, msimshushe kituo chochote cha njiani, mleteni moja kwa moja, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda tunaiandaa. Dawa hiyo ina saa zake, na misuli ya moyo haisubiri foleni ya mapokezi. Bila ile karatasi, gari linabeba mtu ambaye hakuna anayejua anaumwa nini. Hiyo ni teksi yenye king'ora.

Baba mdogo alipofariki, kundi letu la ukoo lilikusanya milioni sita na laki nne ndani ya siku mbili. Jeneza zuri, Coaster mbili, wali, fulana zenye picha yake akiwa anacheka. Mimi mwenyewe nilitoa laki tatu na sikuulizwa kama hilo ni la serikali. ECG ndogo ya kubeba inanunulika kwa chini ya pesa ile.

Ndiyo, tunalipa kodi. Nakubali, na mbunge akija nitamwambia. Lakini hata Uingereza, wenye huduma ya afya ya serikali wanayoringia, helikopta nyingi za wagonjwa zinaruka kwa michango ya wananchi. Na mashine ya kwanza ya kushtua moyo iliyowekwa kwenye gari la wagonjwa, Belfast miaka ya 1960, daktari Frank Pantridge aliiendesha kwa betri za gari, ina uzito wa kilo 70 hivi. Hapa kwetu m-mama inabeba wajawazito kwa kupiga 115, na madereva wa kawaida wa mtaani wamo kwenye mpango. Kwa hiyo msiniambie jamii na gari la wagonjwa havikutani.

Kuna hoja moja inanikwaza kweli: mashine zitakufa stoo. Nimewahi kuona ultrasaundi imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya bibi. Betri zinakufa, zile pedi za kubandika kifuani zina tarehe ya mwisho, na nesi asiyefundishwa ataogopa hata kuiwasha. Basi mchango uwe na fungu la mafunzo na pedi, na mweka hazina awe yuleyule wa harusi, maana huyo mama hajawahi kupoteza hata shilingi mia.

Kikao kingine ni Jumapili saa kumi. Nimemwomba katibu aache ukurasa mmoja nyuma ya daftari, jina langu la kwanza, laki mbili taslimu. Amesema atamuuliza mwenyekiti.