Kampuni iliondoka, programu ikabaki
Kuna mwandishi anayesema programu huria ya kuhifadhi data, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, hufa pale kampuni iliyoianzisha inapojitoa. Sikubaliani, na mfano ninao mezani. ZFS, programu ya kupanga na kulinda data kwenye diski, ilitoka kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, ambao waliufungua msimbo wake mwaka 2005. Kampuni ya Oracle walipoinunua Sun mwaka 2010, wakaacha kuutoa hadharani. Watengenezaji wa programu hawakukaa kulia: waliushika ule uliokwisha kutolewa, mwaka 2013 wakaanzisha mradi wa OpenZFS, na toleo la 2.0 la mwaka 2020 likaunganisha msimbo wa mifumo endeshi miwili ya kompyuta, Linux na FreeBSD.

Mimi nina diski mbili za ZFS zenye nakala ileile ya picha za familia. Mwezi uliopita niliagiza ukaguzi, diski moja ikakutwa na data iliyoharibika. Programu ikaigundua yenyewe na kuirekebisha kutoka diski ya pili, hata picha moja haikupotea.

Kinachonitia hofu ni kazi isiyoonekana ya wanaoitunza programu hii: kupitia msimbo wa wengine na kujibu ripoti za hitilafu. Hiyo ndiyo inayochosha watu. Kampuni zinazohifadhi mali zao humo ziwalipe. Nasi watumiaji, tukiripoti tatizo, tutaje toleo, amri tuliyotoa, na ujumbe wa kosa neno kwa neno.