Titi jipya, ngozi yenye ganzi
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema upasuaji wa kutengeneza titi upya unamrudishia mwanamke alichopoteza. Hapo ametoa nusu ya habari. Mimi nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, mwaka uliofuata nikatengenezewa jingine kwa ngozi na mafuta ya tumboni. Umbo lipo, namshukuru Mungu. Lakini kifua kina ganzi hadi leo. Mwanangu akinilalia upande huo simhisi. Mkono nao huvimba, maana waliondoa tezi za limfu za kwapani, zile zinazosaidia kuondoa majimaji mkononi, hata ndoo siibebi. Na siku ya kwanza kuvua kanga mbele ya mume wangu tulilia wote wawili. Dada zangu mnaosubiri upasuaji, muulizeni daktari kuhusu ganzi ya kifua na kuvimba mkono kabla hamjasaini. Mimi sikuelezwa.