Gari likitoka juu ya mawe, msikimbilie kubusti

Gari limekaa nje miaka, jua lake mvua yake, siku mwenyewe akiamua kulifufua utaona mtu anakuja mbio na betri nyingine na waya za kubusti, watu washajaa, mmoja kashaingia ndani anazungusha ufunguo na wengine wote wanasubiri ngurumo. Mi hiyo haraka siipendi kabisa. Kuwaka ndo kitu cha mwisho, na mara nyingi huo ufunguo wa kwanza ndo unaoua injini iliyokuwa bado nzima.

Injini ikikaa oili yote inashuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, kuta za silinda zinabaki kavu, unyevu unapita kwenye valvu iliyoachwa wazi na ringi, zile pete za pistoni, zinashikana na kutu. Sasa we unapiga stata kwa nguvu yote ile, ringi inakatika au inachana ukuta wa silinda, tayari una kazi ya kushusha injini ambayo asubuhi hukuwa nayo. Toa plagi zote, mimina oili kidogo kila tundu, iache ilowe hata siku nzima au zaidi, halafu weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, uzungushe kwa mkono taratibu. Mkono una akili kuliko stata, injini ikigoma unaisikia, unaacha, unaongeza oili, unasubiri tena. Ikimaliza raundi mbili kamili bila kukwama popote, badilisha oili na filta, ndo upige stata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya oili izime. Na kama ina mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa zamu na pistoni, badilisha mapema, mpira unazeeka hata gari lisipotembea, na kwenye injini nyingi ukikatika pistoni zinagonga valvu, basi tena.

Petroli ya zamani mwaga tu. Inaanza kuchoka ndani ya miezi, ikikaa miaka inanuka kama vanishi na inaacha utomvu kwenye kabureta na nozeli, kwa hiyo habari za kujazia mpya juu yake eti itachangamka ni kujidanganya. Fungua na filta ya hewa pia, panya wanapenda sana kuzalia humo, na wakishazalia humo ujue na waya wameonja.

Ila kinachoniudhi zaidi ni breki, maana injini ikishawaka tu watu wanasahau kila kitu wanataka kwenda kuzungusha. Oili ya breki inanyonya maji kutoka hewani, maji yanakula pistoni za breki kwa ndani, na hosi za mpira zinavimba mpaka njia inaziba. Nimeshaona gari linavutwa na gurudumu la nyuma halizunguki, linaburuzwa tu linachora mchanga, mara pa! likaachia, wakashangilia. Kufungua dramu, bitana la breki limebaki limenata kwenye dramu na shuu iliyolibeba imetoka chuma kitupu. Na hapo kuna mtu alishakaa kwenye usukani! Kama huna hela ya kufanya breki zote nne, hosi na oili mpya, basi usiliwashe kwanza, liache lilivyo.

Tairi nazo hata zikiwa na meno mazuri usidanganyike, soma tarakimu nne za mwisho za ule mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni, 2315 maana yake zimetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2015, zikishapasuka nyufa hizo ni za kusukumia gari hadi kwa fundi tu.

Tena kabla ya yote hayo, mi nikiitwa naanza kulala chini ya gari na bisibisi. Nachoma chesisi, nachoma sakafu, na pale springi zinaposhika. Bisibisi ikizama ujue kutu imeshakula chuma, namwambia mwenyewe atoe injini aiuze, bodi wachukue wa vyuma chakavu. Wengi wananuna, wengine wanaenda kutafuta fundi mwingine mwenye waya za kubusti.