Nilivyomnunulia umeme jirani tuliyenuniana naye

Pensheni yangu nilikuwa naifuata mwenyewe. Ikiingia tu, napanda gari ya 603 kutoka Mtambile hadi Chake, hapa kwetu Pemba, nakaa foleni benki na wastaafu wenzangu, tunaulizana hali za magoti, na nikifika kaunta binti ananiambia, "Maalim, mtandao hakuna, vuta subira." Subira ninayo. Aliyesomesha watoto wa darasa la kwanza kwa vipande vya chaki, foleni ya benki kwake ni mapumziko.

Kijana mmoja wa tai pale benki alinisajili kwenye huduma yao ya kibenki kwa simu. Akaniambia hata kitochi changu kinafaa, hakitaki bando, ni nyota na reli tu. Nilikubali ili aninyamazie. Nikarudi nyumbani, huduma nikaiacha humo humo ndani ya simu kama mgeni uliyemfungulia mlango usimpe kiti.

Na hofu yangu haikuwa ya bure. Nani hajapata meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii"? Mimi moja niliijibu. Nilimuuliza ni pesa ipi, maana kwa hesabu zangu mimi ndiye ninayedai watu. Hakurudi tena. (Siku hizi nazirusha 15040, namba ya kuripoti matapeli, nalala.) Halafu zikaja tozo za miamala za 2021, nikapata sababu ya pili bila ya kuitafuta.

Mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, hakuchoka. "Babu, umeme unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na unauamini. Pesa itashindwaje kupita hewani?"

Nikamwambia waya unashikika.

Basi, usiku wa kuamkia Sikukuu, mwezi umeandama, takbira zinasikika kutoka msikitini, nyumba ikaingia kiza. Yuniti zimekwisha, na Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, haimkopeshi mtu. Nyama imo kwenye friza, mama watoto yumo jikoni anakata vitunguu na tochi kaing'ata mdomoni. Mjukuu akatumwa dukani kwa wakala, akarudi mbio: duka limefungwa, mwenyewe kenda kwao Kengeja mpaka Sikukuu imalizike. Na Sikukuu yetu ni siku nne.

"Babu, kitochi unacho," akasema.

Mama watoto hakusema neno. Aliitoa ile tochi mdomoni, akanimulika usoni.

Nikavaa miwani. Tulipofika kwenye namba ya siri niliwatoa wote chumbani, nikajifunika shuka gubigubi, nikabonyeza. Mjukuu akasema kutoka nje ya mlango, "Babu, utakosa pumzi bure. Si 1979?"

"Nani kakwambia?"

"Kila hadithi yako inaanzia hapo. Mwaka 1979 nilipoanza kusomesha..."

(Nishaibadilisha. Msijisumbue.)

Namba ya mita aliisoma yeye kwenye risiti iliyochomekwa nyuma ya kalenda. Shilingi 20,000. Meseji ikaingia hata bismillahi sijaimaliza, na tarakimu ishirini za umeme ndani yake. Nikatoka kwa maringo, nikaziingiza kwenye mita moja moja. Mita ikagoma. Nikarudia polepole. Ikagoma.

Hapo nikapata la kusema, na nilisema mengi: juu ya benki, juu ya vijana wa tai, juu ya hewa. Niko katikati ya hotuba, mama watoto akaichukua risiti, akaitazama, akaikunja.

"Hii si yetu."

"Ya nani?"

"Ya upande wa pili."

Upande wa pili anakaa jirani yangu, na tangu msimu wa karafuu mimi na yeye tulikuwa hatusemezani. Sababu ni mbuzi wangu. Alikata kamba usiku, akenda kulala juu ya jamvi la karafuu za watu, zimeshakauka, zinangoja kupelekwa kituoni kuuzwa, na alipoondoka akaacha na vya kwake humo humo. Sasa wewe chukua karafuu kavu, uchanganye na vile vipunje vya mbuzi, halafu umpe mzee achambue. Jirani alishinda pale kutwa, anaokota kimoja kimoja, na akiingiwa na shaka ananusa. Jioni akaja kunidai nusu kilo iliyoharibika. Wakati ule karafuu za daraja la kwanza shirika la serikali linanunua kilo kwa 14,000. Nikamwambia mbuzi hana mfuko. Tangu hapo tukikutana njiani, yeye anaangalia minazi ya kulia, mimi ya kushoto.

Kumbe wake zetu hawajanuna hata siku moja. Mkewe akitaka umeme anamletea risiti mama watoto, mama watoto anamtuma mjukuu wangu dukani, na mimi mwenye nyumba sina habari. "Mlionuniana ni nyinyi," aliniambia. "Sisi hatukualikwa."

Pesa ishakwenda, na zile tarakimu haziingii popote ila kwenye mita yake. Nikavaa kofia, nikenda kupiga hodi. Nilimkuta barazani na kandili. Kumbe naye yumo kizani, zake zilikwisha tangu alasiri.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?" Na ananijua hata kwa kikohozi.

"Maalim. Nimekuletea umeme."

Akanyamaza. "Uko wapi?"

"Umo kwenye simu."

Akainua kandili akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu. Nadhani alikuwa anamtafuta mbuzi.

Tukenda kwenye mita, nikamsomea imla. Nne, tunapumzika, nne nyingine. Kwenye fungu la tatu akauliza, "Saba au tisa?" Nikamwambia, "Sikiliza, sirudii," kwa mazoea ya kazi, halafu nikarudia. Alipobonyeza ya mwisho nyumba yake yote ikawaka, televisheni ikaanza kupayuka, watoto wakapiga makofi. Mimi nimesimama uani kwa mtu, nyuma yangu kwangu kiza totoro.

Akapapasa mifuko. Hamna kitu, fedha zote zimeishia kwenye nguo za watoto. "Nitakulipa Sikukuu ikisha, Maalim." Ndiyo mara ya kwanza kuniita tangu wakati wa mbuzi.

Ikabidi ninunue tena. Safari hii namba niliisoma mwenyewe kwenye mita, yeye ananimulikia kwa kandili, na shuka sikulitaka. Taa zikawaka. Mama watoto alikuwa keshamaliza vitunguu.

Baada ya Sikukuu jirani akenda Chake, akasajiliwa na kijana yule yule wa tai, maana mkewe alimwambia hatokubali kupitwa na mimi. Mimi Chake nikenda siku hizi nafuata mambo mengine. Tukuza nanunua nimelala kitandani, na ada za skuli za mjukuu natuma nikiwa barazani, mbele za watu, ili waone.

Alasiri moja kitochi kikalia. Zimeingia shilingi 13,000 kutoka kwa jirani. Nikatoka uani, nikamwita juu ya ua.

"Sheikh, mbona zimepungua?"

"Makato, Maalim."

"Makato gani ya 7,000? Benki haikati hivyo!"

"Si ya benki," akasema. "Ya mbuzi."