Kozi za vioo za Marekani hazijui jua letu

Wabunifu majengo wenzangu mlioko Tanzania huniuliza kama ni kweli huku Marekani mtu mwenye leseni na mvi bado anakaa darasani. Anakaa. Mwanachama wa AIA, chama cha wabunifu majengo cha huku, anatakiwa kukusanya saa 18 za masomo kila mwaka, na 12 kati ya hizo lazima zihusu afya, usalama na ustawi wa watu. Majimbo mengi nayo yana masharti yake ya leseni. Saa nyingi hupatikana bure: mtu wa kiwanda cha vioo au cha fremu za alumini anakuja ofisini mchana na chakula, anafundisha saa moja, anajibu maswali, anaondoka. Ndani ya somo haruhusiwi kunadi bidhaa yake. Akitaka kuisifia, asubiri somo liishe.

Utaratibu huu naupenda, na natamani nyumbani tuwe nao kwa ukali huohuo. Mtaala wao ndio nisioutaka uje mzimamzima, kwa sababu umetungwa na watu wanaoogopa baridi.

Kioo cha jengo la biashara kina namba tatu za kuangalia. Ya kwanza, wanayoiita U, inaonyesha jinsi joto linavyopenya kwa sababu ndani na nje hakulingani. Ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya joto la jua inaingia, kuanzia 0 hadi 1. Ya tatu ni nuru. Katika kozi za huku U ndiyo bibi harusi. Na wana haki: Chicago usiku wa Januari nje kunaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri na ndani 21, yaani tofauti ya nyuzi 36. Sasa chukua ofisi ya Dar es Salaam yenye kiyoyozi kilichowekwa 24 wakati nje ni 32. Tofauti ni nyuzi 8 tu! Kinachotuumiza sisi ni namba ya pili. Kioo cheupe cha kawaida cha milimita 6 huingiza zaidi ya 0.8 ya joto la jua linalokipiga. Kioo cha tabaka mbili chenye utando mwembamba wa madini ya fedha kinaweza kushuka hadi karibu 0.27 na bado kikapitisha zaidi ya asilimia 60 ya nuru.

Utando huo una upande wake. Nyuso za vioo huhesabiwa kutoka nje kwenda ndani. Kwenye joto utando hukaa uso wa pili, kwenye baridi mara nyingi uso wa tatu. Kioo kikishafungwa, utajuaje? Washa kiberiti cha gesi mbele ya dirisha, utazame kwa pembe. Utaona vimuli vinne, yaani taswira za mwali huo kwenye kioo, vimejipanga, kimoja kwa kila uso, na kimoja kati yao kina rangi tofauti na wenzake. Hapo ndipo utando ulipo. Vyote vinne vikifanana, ulichouziwa ni vioo viwili vitupu. Ukiona vimuli viwili tu, hata tabaka la pili halipo. Kwa kipande hiki pekee mimi niliisamehe kozi nzima.

Nyumbani tumekimbilia kioo cha tinti, hasa cha bluu, na wengi wanaamini kinazuia joto. Kinachofanya zaidi ni kulinyonya: kioo chenyewe kinachemka, kisha sehemu ya joto hilo kinaitema ndani, kwa aliyekaa karibu na dirisha. Nuru nayo imepungua, kwa hiyo taa zinawashwa saa sita mchana. Ajabu ni kwamba majengo ya kizazi cha kwanza baada ya uhuru, yenye matofali ya matundu na vibaraza virefu, yalikuwa yamelijibu swali hili bila kioo cha gharama. Hata leo hesabu ni ileile. Kwa Dar, kivuli cha mlalo kinachotokeza mita 1 upande wa kaskazini kinafunika takriban mita 1.7 za dirisha saa sita mchana mwezi Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini kabisa. Upande wa magharibi kivuli hicho hakisaidii kitu, maana jua la jioni linaingia chini yake; pale unahitaji mapezi ya wima, yaani bapa zilizosimama mbele ya dirisha, au madirisha machache.

Hilo la madirisha machache hutalisikia kwenye kozi inayolipiwa na mwenye kiwanda cha vioo. Kanuni inamzuia kutaja chapa yake, haimzuii kunyamaza.

Upande wa usalama ndipo wanaponishinda hoja. Mwaka 1973 mnara wa John Hancock mjini Boston ulianza kuangusha vioo vya zaidi ya kilo 220 kimoja, mianya ikazibwa kwa mbao za plaiwudi, na mwishowe vioo vyote 10,344 vikabadilishwa. Chanzo kilikuwa kiungo cha madini ya risasi kilichoshikanisha vioo viwili: kilikuwa kigumu mno, hakikunyumbulika upepo na joto vilipokisukuma, kikapasua kioo. Mbunifu asiyejua kilichomo kwenye ukingo wa kioo atawezaje kumuuliza muuzaji swali la maana?

Halafu kuna maji. Fremu nzuri ya alumini haijidai kuzuia kila tone. Ina vitundu chini vya kutolea yaliyoingia. Nyumbani nimekuta vitundu hivyo vimezibwa kwa silikoni, fundi akidhani ni kasoro ya kiwandani. Huku, kwenye miradi mikubwa, dirisha lililokwisha kufungwa hunyunyiziwa maji huku hewa ikivutwa kutoka ndani ili kuiga dhoruba, na likivuja kazi inasimama. Kwetu jaribio hilo hufanywa na masika, mpangaji akiwa tayari ameshahamia.

Kwa hiyo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ikiandaa semina ya vioo, ningeomba mafundi alumini waitwe pia, wakae viti vilevile, na nusu ya muda iwe kwenye fremu halisi, na maji ya mpira. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye alumini karibu na bahari zizungumzwe siku hiyohiyo, maana chumvi inazifanya ziitafune alumini iliyo pembeni yake. Watu wa viwanda waje, watatufaa sana kwa sampuli zao. Ila saa ya kwanza apewe mtu asiyeuza kioo, na swali la kwanza la mtihani liwe mchoro wa ukuta wa magharibi: ungepunguza kioo wapi, na kwa nini?