Bapu Joshi na Mpira Mmoja Uliobaki

Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mwamuzi wa kriketi Bapu Joshi, Mhindi, aliivuta kwa wageni, jioni ya Februari 1949, katika uwanja wa Brabourne mjini Bombay.

India ilikuwa haijawahi kushinda mechi ya Test, yaani mechi ya kriketi ya kimataifa ya siku kadhaa. Kwenye mechi hii ya tano na ya mwisho dhidi ya West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, ilitakiwa kufikisha mikimbio 361. Vijay Hazare alikuwa ameshaondoka na 122 zake, Dattu Phadkar yupo bado na 37, ubao unasoma mikimbio 355 kwa wiketi 8, yaani wachezaji wanane wameshatolewa. Ova, yaani zamu ya mipira sita, imebakiza mpira mmoja, saa imebakiza dakika moja na nusu. Joshi akaondoa vile vijiti vidogo vinavyolala juu ya vigingi vya wiketi. Mchezo umekwisha, sare.

Wanaomlaumu hawajakosea. Kuhesabu mipira ndiyo kazi ya mwamuzi kabla ya nyingine zote, na ova iliyoanza haikatwi. Mpira ukipigwa ukavuka mpaka bila kugusa ardhi ni mikimbio sita, na sita ndiyo iliyokuwa ikidaiwa. Tena hata bila hiyo sita, palikuwa na nafasi ya kuanza ova nyingine.

Wanaomtetea husema alichanganywa na msisimko. Hapo siwaelewi: mwamuzi huwekwa uwanjani kwa ajili ya dakika kama zile. Hoja yao yenye uzito ni nyingine. Vijana wa nahodha wa West Indies, John Goddard, walituhumiwa kuvuta muda, na wakati ule hapakuwa na sharti la idadi ya ova katika saa ya mwisho. Anayelinda sare akitembea polepole, saa inamchezea yeye. Basi dakika na nusu ya Joshi tuipime pamoja na zile zilizoliwa mapema, ambazo hakuna anayezikumbuka.

Enzi hizo waamuzi wote wawili walitoka nchi mwenyeji, na tuhuma za upendeleo hazikukosekana. Wengine humtumia Joshi kama ushahidi kwamba mwenyeji aweza kuwa msafi. Mimi sifiki huko. Aliyekosea kuhesabu amekosea kuhesabu tu, awe mwadilifu au asiwe.

India ilisubiri hadi Februari 1952, Madras, kuifunga Uingereza na kupata ushindi wake wa kwanza. Joshi hakutupwa, aliendelea kuchezesha mechi za Test hadi miaka ya 1960.