Kusinzia mchana: kidonge kianze lini?

Anayesinzia kazini, darasani au akiwa ameshika usukani husikia kauli mbili: alale mapema, au atafutiwe dawa. Kila kauli ina ukweli wake, lakini zote zinaruka swali la kwanza: anasinzia kwa nini?

Mchukue anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Modafinili, dawa ya kumweka mtu macho, itamfungua macho mchana, ila usiku koo litaendelea kuziba, oksijeni itashuka na moyo utaumia kimyakimya. Huyu aanze na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Marekani huruhusu modafinili iongezwe iwapo usingizi umebaki licha ya mashine. Ulaya, mwaka 2010, wakala wake wa dawa alipendekeza ibaki kwa narkolepsi pekee, yaani ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana, kwa kuona madhara yanazidi faida kwa wengine.

Kwa mwenye narkolepsi hali ni nyingine kabisa. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huo, ubongo umepoteza seli zinazotengeneza oreksini, kemikali inayotuweka macho. Hata alale usiku kucha, mchana usingizi utamwangusha. Kumwita mvivu ni kumwonea, na kumnyima dawa ni kumwongezea hatari.

Hata hivyo dawa yenyewe inataka nidhamu. Dozi ya kawaida ya modafinili ni miligramu 200 asubuhi. Ukiimeza saa tisa alasiri, saa tisa usiku karibu nusu yake bado imo mwilini. Utakesha, utaamka hoi, kisha utadhani dawa imekwisha nguvu na kutaka kuongeza. Kosa ni la saa, si la dozi.

Jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi mapema: modafinili hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, wakati wa kuitumia na hata mwezi au miwili baada ya kuiacha. Nayo haifai kwa mjamzito, kwa hiyo kinga nyingine ipangwe kabla ya kidonge cha kwanza. Vipele vikitokea, acha dawa na umwone daktari siku hiyohiyo; mara chache huwa mwanzo wa ngozi kubanduka, hali inayoweza kuua.

Kabla ya kuanza, jaza kipimo cha Epworth, dodoso la kupima usingizi wa mchana: maswali 8, kila moja alama 0 hadi 3. Zaidi ya 10 ni usingizi uliopita kiasi. Kijaze tena baada ya wiki chache za dawa. Alama zisiposhuka, usikimbilie kuongeza miligramu. Rudi kwa daktari mchunguze upya chanzo.